Je, Wajua? Mambo 31 Kuhusu 2,147,483,647

Itamke kwanza: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Iliwahi kushika nafasi ya namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani, na leo imo ndani ya simu yako. Kwa nini mambo 31 na si 30? Soma la kwanza.

UMBO LAKE

1. Chukua 2 thelathini na moja, uzizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Jibu ni namba yetu. Kwa mkato wa wanahisabati: 2³¹ − 1.

2. Kompyuta huandika kila namba kwa 0 na 1 tu. Kwa maandishi hayo namba yetu ni 1 thelathini na moja zilizopanga foleni, bila 0 hata moja.

3. Ukihesabu kwa mafungu ya nane badala ya kumi, inaandikwa 17777777777: 1 mbele, kisha 7 kumi.

4. Katika mwandiko wetu wa kawaida urembo huo unapotea. Kuna tarakimu kumi ambazo jumla yake ni 46. Tarakimu 4 imetokea mara tatu na 7 mara mbili, ilhali 0, 5 na 9 hazimo kabisa.

5. Ukizipanga namba tasa zote kuanzia 2, 3, 5, 7 na kuendelea, hii inashika nafasi ya 105,097,565.

6. Mwaka 1770 Joseph-Louis Lagrange alithibitisha kwamba kila namba nzima inaweza kupatikana kwa kujumlisha namba nne zilizozidishwa kwa zenyewe. Nyingi huridhika na mbili au tatu. Namba yetu hairidhiki: ukiigawa kwa 8 inabaki 7, na zote zenye baki hilo ni lazima zipewe nne kamili.

INAKOJITOKEZA

7. Hadithi ya mvumbuzi wa sataranji imesimuliwa India na Uarabuni kwa karne nyingi. Aliomba zawadi ya punje moja ya nafaka kwenye mraba wa kwanza wa ubao, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, kila mraba ukiongezwa maradufu. Jumlisha punje za miraba 31 ya mwanzo na utapata 2,147,483,647. Mraba wa 32 peke yake unazidi jumla hiyo kwa punje moja. Hapo ubao umefika nusu tu.

8. Darasa lina wanafunzi 31 na mwalimu anataka kuunda kikundi. Kinaweza kuwa cha mtu mmoja, wawili, kumi, au darasa zima. Vikundi tofauti anavyoweza kuchagua ni 2,147,483,647.

9. Jihesabu wewe, ongeza wazazi wako wawili, babu na bibi zako wanne, wazazi wao wanane, uende hivyo vizazi 30 nyuma. Nafasi katika mti huo wa ukoo ni 2,147,483,647. Lakini vizazi 30 ni takriban miaka 750 au zaidi, na wakati huo dunia nzima haikuwa na watu hata bilioni moja. Maana yake mtu mmoja ameshika nafasi nyingi katika ukoo wako, kwa sababu ndugu wa mbali waliendelea kuoana bila kujuana.

10. Mwaka 1883 Mfaransa Édouard Lucas alitoa mchezo uitwao Mnara wa Hanoi: vijiti vitatu, na visahani vilivyopangwa kwenye kimoja, kikubwa chini na kidogo juu. Unahamisha kimoja kimoja mpaka vyote viwe kwenye kijiti kingine, na kikubwa hakikai juu ya kidogo. Visahani 31 vinahitaji mihamisho isiyopungua 2,147,483,647. Kwa mhamisho mmoja kila sekunde, usiku na mchana, utamaliza baada ya miaka 68. Mkumbuke Lucas, atarudi.

WALIOIFUATA

11. Wagiriki walipenda namba ambazo vigawo vyake vikijumlishwa vinairudisha namba ileile. Vigawo vya 6 vilivyo chini yake ni 1, 2 na 3, na jumla yao ni 6. Nyingine ni 28. Tuziite namba timilifu. Miaka 2,300 hivi iliyopita Euclid alionyesha njia ya kuzipata: tafuta namba tasa inayopatikana kwa kuzidisha 2 kwa 2 mara kadhaa na kutoa 1, na kila tasa ya aina hiyo itakupa namba timilifu moja. Msako wa namba yetu ulianzia hapo.

12. Katika karne ya 13 Ismail ibn Fallus, mwanahisabati wa ulimwengu wa Kiislamu, aliorodhesha namba kumi alizoamini kuwa timilifu. Saba za mwanzo zilikuwa sahihi. Ya nane ya kweli ilihitaji 2,147,483,647, nayo ilikuwa bado haijathibitishwa na mtu yeyote.

13. Mwaka 1588 Mtaliano Pietro Cataldi alithibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa. Kisha akatangaza kwamba vipeo (zile namba ndogo za juu) vya 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa tasa. Pierre de Fermat akaiangusha 23 na 37 mwaka 1640. Leonhard Euler akaiangusha 29 mwaka 1738. Katika madai manne likabaki moja, la 31.

14. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alichapisha orodha yake mwaka 1644, akisema vipeo vinavyotoa tasa hadi kufikia 257 ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alikosea kwa 67 na 257, tena akaziruka 61, 89 na 107. Pamoja na makosa hayo matano, namba za aina hii zinaitwa kwa jina lake hadi leo: namba za Mersenne. Ya kwetu ni ya nane kati ya zile zilizo tasa.

15. Kosa lake la 67 lilipata mazishi yake New York mwezi Oktoba 1903, kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani. Inasimuliwa kwamba Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno, akaikokotoa 2⁶⁷ − 1, halafu akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, na ukumbi ukapiga makofi.

16. Aliyemaliza ubishi wa 31 ni Euler huyohuyo. Alikuwa St Petersburg, Urusi, umri wake ukiwa unagonga miaka 65 na macho yakiwa karibu yamezimika kabisa. Mwaka 1772 alitangaza kwa barua kwamba 2³¹ − 1 ni tasa.

17. Alijuaje bila mashine? Kuthibitisha kwa kugawa, inatosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya 46,341, kwa kuwa 46,341 ikizidishwa kwa yenyewe tayari inaipita namba yetu. Bado hizo ni karibu 4,800. Euler akachuja. Kigawo chochote cha 2³¹ − 1 ni lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 62, tena kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8. Ukiyaunganisha masharti hayo, zinabaki namba tasa 84 tu za kujaribu. Hakuna hata moja iliyogawa bila baki.

18. Kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyeonyesha namba tasa kubwa kuliko hiyo. Baadaye karne ya 19 ikaleta nyingine, na mwaka 1876 yule Lucas wa mnara akathibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Haijapatikana namba tasa ya Mersenne kubwa kuliko hiyo kwa mkono mtupu.

19. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba timilifu inayozaliwa na 2³¹ − 1, akatabiri kwamba pengine ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana. Hoja yake ilikuwa kwamba namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina faida, hivyo nani angejisumbua kutafuta nyingine? Leo zinajulikana 52, na kuhusu faida, subiri kidogo.

UKOO NA MAJIRANI

20. Namba timilifu aliyoizungumzia Barlow ni 2,305,843,008,139,952,128. Unaweza kuifikia kwa njia mbili za ajabu. Ya kwanza: jumlisha 1 + 2 + 3 na kuendelea mpaka 2,147,483,647. Ya pili: chukua namba witiri 32,768 za mwanzo (1, 3, 5, mpaka 65,535), kila moja uizidishe kwa yenyewe mara tatu, kama 3 × 3 × 3, kisha jumlisha zote. Majibu yanafanana hadi tarakimu ya mwisho.

21. Kipeo chetu 31 ni tasa, nacho chenyewe ni 2⁵ − 1. Kwa hiyo 2,147,483,647 ni namba ya Mersenne iliyojengwa juu ya namba ya Mersenne. Tasa za namna hiyo zinazojulikana ni nne tu: 7, 127, ya kwetu, na ile ya Lucas.

22. Je, mnyororo unaendelea? Ukifanya 2,147,483,647 yenyewe kuwa kipeo, unapata namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646. Hakuna aliyeiandika kwenye daftari, lakini inajulikana kwamba si tasa: 295,257,526,626,031 inaigawa bila baki.

23. Majirani zake si tasa. Aliye chini yake, 2,147,483,646, ni zao la 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Aliye juu ni 2 tupu, zikizidishana 31. Ukitoka kutafuta tasa za karibu, ya chini ni 2,147,483,629 na ya juu ni 2,147,483,659.

24. Izidishe namba yetu kwa 2, uongeze 1: unapata 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Carl Friedrich Gauss alionyesha kwamba namba kama hizo zinafungua mlango wa kuchora maumbo yenye pande sawa kwa rula na bikari pekee. Kwa namba tasa za aina hiyo zinazojulikana leo, umbo lenye pande 4,294,967,295 ndilo kubwa kuliko yote yenye pande witiri yanayoweza kuchorwa hivyo. Kwenye karatasi usingeweza kulitofautisha na duara.

DARI LA KOMPYUTA

25. Kompyuta nyingi zilizoea kuweka namba nzima katika vyumba 32, kila chumba kikibeba 0 au 1. Chumba kimoja kinawekwa kando kwa ajili ya alama ya kujumlisha au kutoa, vinabaki 31. Vyote vikijaa 1, umefika mwisho wa kuhesabu, na mwisho huo ni 2,147,483,647. Kuwa tasa na kuwa dari ni mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Dari la vyumba 16 ni 32,767, nayo ni 7 × 31 × 151. Dari la vyumba 64 linagawanyika kwa 7. Vyumba 32 ndivyo vilivyobahatika.

26. Ukiongeza 1 juu ya dari, hesabu inajaa hadi chumba cha alama, na kwenye mashine nyingi namba inaruka mpaka hasi 2,147,483,648. Kwa hiyo mwandishi wa programu ya malipo akihesabu kwa senti ndani ya vyumba 32, muamala mkubwa anaoweza kuuandika ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Mwenye kununua nyumba ya milioni 30 ataonekana anadaiwa kinyumenyume.

27. Mwezi Desemba 2014 YouTube ilitangaza kwamba video ya *Gangnam Style* ya msanii PSY wa Korea Kusini inaipita idadi hiyo ya kutazamwa. Wahandisi walikuwa wameshajiandaa kwa kuhamisha hesabu kwenda vyumba 64. Dari jipya ni 9,223,372,036,854,775,807.

28. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliwaagiza wenye ndege za Boeing 787 wazime umeme wa ndege kabla ya siku 248 mfululizo kupita. Programu ya vidhibiti vya jenereta ingefurika kwa pamoja na umeme ungekatika, hata ndege ikiwa angani. Siku 248 zimetoka wapi? Hesabu 2,147,483,647 kwa mia za sekunde na utaangukia siku 248 na nusu.

29. Kompyuta za familia ya Unix hupima wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Zile za vyumba 32 zitafikia dari Jumanne, 19 Januari 2038. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Bujumbura, Kigali na Lubumbashi saa 11 na dakika 14 alfajiri. Muscat saa 1 na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaamini kwamba ni 13 Desemba 1901. Simu na kompyuta mpya zimeshahamia vyumba 64. Wasiwasi upo kwa vifaa vilivyofungwa ukutani au ndani ya mitambo miaka mingi iliyopita, ambavyo hakuna anayevikumbuka.

30. Sasa ile faida ambayo Barlow hakuiona. Kompyuta haijui kubahatisha, lakini michezo na majaribio ya kisayansi yanahitaji namba zinazoonekana za bahati nasibu. Derrick Lehmer wa Marekani alipendekeza mbinu yake mwishoni mwa miaka ya 1940: anza na namba moja, izidishe, gawa, chukua baki, rudia. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kipimo cha kawaida: zidisha kwa 16,807, gawa kwa 2,147,483,647. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Zinapita namba 2,147,483,646 kabla ya kurudi mwanzo, bila hata moja kujirudia njiani. Mzunguko huo mrefu unawezekana kwa sababu kigawanyo ni tasa, na unaenda haraka kwa sababu kigawanyo hicho kinaenea barabara katika vyumba 32. Bahati ya jambo la 25 ndiyo iliyowapa kazi. Nao waliacha mtihani kwa mafundi: ukianza na 1, hatua ya 10,000 lazima itoe 1,043,618,065. Programu inayotoa kitu kingine imeandikwa vibaya.

31. Lucas alibuni njia ya kupima namba za Mersenne bila kutafuta vigawo hata kimoja, na Lehmer huyohuyo akainoa. Ndiyo inayotumiwa pia kuthibitisha vigogo vya siku hizi, kama 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, iliyotangazwa Oktoba 2024. Ijaribu kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia: 194, ukigawa kwa 31 inabaki 8. Rudia: 64 toa 2 ni 62, ukigawa kwa 31 inabaki 0. Baki 0 maana yake ni tasa. Idadi ya hatua daima ni kipeo toa 2, hivyo hapa zimekuwa 3. Sasa ifanye 127, ambayo ni 2⁷ − 1, kwa hatua 5. Ukikutana na 12,319 mwishoni, uko sawa. Namba iliyomgharimu Euler migawanyo 84 inahitaji hatua 29 tu, ila hakikisha kalkuleta yako inaonyesha tarakimu 19.